Maji ya waipa yanayoacha madoa kwenye rangi ya gari

Maswali ya wasomaji na majibu ya mafundi

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Gari langu ni jeusi. Kila nikipiga maji ya waipa naona michirizi myeupe inabaki kwenye boneti, kwenye paa, mpaka juu ya milango ya nyuma. Mwanzoni nilikuwa nikiosha inatoka. Siku hizi haitoki hata nisugue vipi. Kwenye tangi naweka maji ya kisima cha nyumbani na vijiko viwili vya sabuni ya unga. Jirani yangu ananiambia rangi imeshaungua, nianze kutafuta hela ya kupiga upya. Ni kweli? — *Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Usitafute hela ya rangi bado. Kwa maelezo yako, kilicholala juu ya rangi hiyo kwa sehemu kubwa ni chokaa, na chokaa inatoka.

Chukua sufuria au jagi la umeme unalochemshia maji ya kisima hicho, uangalie chini yake. Ule ukoko mweupe ndio huohuo ulioko kwenye boneti. Visima vingi vya pwani hutoa maji magumu yaliyobeba kalsiamu, magnesiamu na chumvi, na yakiwa ndooni huoni kitu. Ukivuta swichi ya waipa, maji mengi yanagonga kioo, mengine yanapeperushwa na upepo wa mwendo hadi kwenye paa na ubavuni, na matone machache yanadondokea boneti chini ya nozeli, vile vitobo vinavyorusha maji. Bati jeusi lililoshinda kwenye jua la Dar linapita nyuzi joto 60. Tone likitua hapo linakauka upesi sana. Maji yanapaa, madini yanabaki. Kesho ukipiga tena, tabaka jingine linakaa juu ya lile la jana.

Sabuni ya unga nayo imezidisha mambo kwa njia mbili. Ina magadi, na magadi yakikutana na kalsiamu ya maji magumu yanaigeuza chokaa humohumo tangini. Fungua kifuniko umulike kwa tochi ya simu. Usishangae ukikuta tope jeupe limetulia chini. Halafu magadi hayohayo yanakula waksi, lile tabaka la nta linalolinda rangi. Waksi ikishaisha, chokaa inashika moja kwa moja kwenye rangi, ndiyo maana zamani michirizi ilitoka kwa kuosha na sasa haitoki.

Turudi kwa jirani yako. Huenda ana ukweli kidogo, na unaweza kuhakikisha mwenyewe kabla hujamlipa mtu. Subiri jioni, gari likae kivulini mpaka bati lipoe kiasi cha kuweka kiganja bila kuhisi joto. Osha boneti kwa maji mengi na shampuu ya gari ili mchanga utoke. Kisha changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe ya dukani, ile isiyo na rangi kabisa, na kikombe kimoja cha maji ya betri, yaani yale maji ya mvuke yasiyo na madini. Lowesha kitambaa cha pamba, kilaze juu ya doa moja lenye ukubwa wa kiganja, hesabu dakika 2, futa bila kukandamiza, kisha suuza kwa maji mengi. Usiache siki ikakaukia hapo.

Pakirudi kuwa peusi na kung'aa, ni chokaa tupu. Ukoko ukitoka lakini pakabaki duara hafifu lenye ukingo, mfano wa alama inayoachwa na glasi yenye majimaji juu ya meza ya mbao, basi madini yameanza kuchimba klia, lile tabaka la vanishi isiyo na rangi linalopigwa juu ya rangi yenyewe. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50, nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Shimo la juujuu linaondoka kwa polishi. Shimo lililozama ndilo la kumwonyesha fundi rangi, na hata hapo ni kipande cha boneti tu, si gari zima.

Ukishajua, fanya kipande kimoja baada ya kingine: nusu ya boneti, nusu nyingine, kisha paa, kisha milango. Siki usiirudie zaidi ya mara mbili mahali pamoja, na kwepesha sehemu zilizochubuka hadi bati likaonekana, maana siki inaharakisha kutu. Limao au ndimu achana nayo: ina sukari inayoacha utando wa kunata, na huwezi kujua ukali wake. Steli waya na kompaundi ya kukatia (polishi kali yenye chembe za kusaga rangi) zisiguse rangi kabla chokaa haijatoka. Hili tunalisisitiza kwa sababu ndilo kosa tunaloliona zaidi kwenye magari meusi. Chokaa ni chembe ngumu. Ukiisugua ikiwa bado juu ya rangi, unaichorea klia mikwaruzo ya duara itakayoonekana kila jua likipiga, na kuitoa mikwaruzo hiyo ni kazi kubwa kuliko michirizi uliyoanza nayo.

Baada ya siki, pitisha vidole juu ya bati lililolowa, mkono ukiwa ndani ya mfuko laini wa plastiki. Ukihisi mchanga mchanga, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya magari. Chukua kipande cha ukubwa wa yai, kibonde kiwe bapa, lowesha bati kwa maji yenye shampuu kidogo, telezesha kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Kikianguka chini, kitupe, kimeshabeba mchanga. Kisha polishi laini ya kumalizia kwa sponji, na mwisho waksi. Waksi ya karnauba kwa jua letu hudumu wiki 6 hadi 8, kwa hiyo iwe desturi ya kila miezi miwili.

Kama maji ya kuosha ni yaleyale ya kisima, usiache gari likauke lenyewe. Malizia kwa lita 2 za maji ya betri kwenye bomba dogo la kunyunyizia, ukaushe papo hapo kwa kitambaa cha maikrofaiba.

Kuhusu hayo maji ya betri, tafadhali soma chupa kabla ya kulipa. Kwenye maduka ya spea kuna maji safi ya kuongezea betri, na kuna maji makali ya kujazia betri mpya, ambayo ni asidi ya salfa. Chupa zinaweza kufanana na muuzaji anaweza kukupa yoyote ukisema tu "maji ya betri". Asidi hiyo ikiingia kwenye tangi la waipa itakula rangi, mpira wa waipa na pampu, na ikirushwa na upepo ikaingia jichoni madhara yake ni makubwa. Lebo ikiwa na alama ya hatari au neno la asidi, rudisha chupa.

Tangi nalo lisafishwe, la sivyo utarudia kazi yote hii. Magari mengi madogo hubeba lita 2 hadi 4. Nyonya maji ya zamani kwa mpira wa dripu na bomba la sindano kubwa, usitumie mdomo. Jaza maji ya uvuguvugu, tikisa gari kwa kusukuma bampa, nyonya tena, mpaka maji yatoke safi bila tope. Kisha weka lita 2 za maji pamoja na mililita 100 za siki, piga kidogo ili siki ifike kwenye nozeli, acha nusu saa. Tandika taulo lililolowa juu ya boneti, piga mpaka tangi likaribie kuisha. Endesha pampu kwa sekunde 10 na uipumzishe nusu dakika. Pampu hizi ndogo zinapozwa na maji yanayopita ndani yake, ukiiendesha kavu inaungua. Suuza kwa maji safi mara mbili. Nozeli ikibaki imeziba, chomoa mpira wake chini ya boneti na uzibue kwa sindano nyembamba ukisukumia uchafu nje, si ndani.

Ukiwa hapo, angalia nozeli zinapolenga. Michirizi mingi ya kwenye paa hutokana na nozeli zilizoelekezwa juu mno. Zile zenye kitobo kwenye gololi ndogo unazigeuza kwa pini. Gari likiwa limesimama, maji yagonge kioo juu kidogo ya katikati. Likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu upepo utayashusha chini kiasi. Nozeli za aina ya kutawanya kama feni huwa hazigeuzwi kwa pini, ukizilazimisha zinavunjika.

Mchanganyiko tunaopendekeza kwa hali yetu ya joto, kwa lita 4: maji ya betri lita 3 na nusu, spiriti ya asilimia 70 ya kusafishia mikono au vidonda nusu lita (ile ya maji, isiwe ya jeli), na shampuu ya gari nusu kijiko cha chai, yaani mililita 2 hadi 3. Shampuu isizidi hapo. Watu wengi hudhani sabuni nyingi ndiyo usafi, kumbe kila tone la sabuni ni kitu kitakachobaki juu ya rangi maji yakishapaa. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo haifai, kwa sababu nyingi huongezwa chumvi ili ziwe nzito, na chumvi hiyo itakaukia boneti.

Na gari likiwa limeshinda juani, usifute vumbi la kioo kwa maji ya waipa. Tumia chupa ya maji na kitambaa, ndipo uondoke.

SWALI: Hamjambo. Nilinunua maji ya buluu ya kuoshea kioo, chupa ya lita moja, nikamimina yote kwenye tangi. Gari ni nyeupe, ya zamani kidogo. Baada ya wiki mbili kuna mistari ya buluu inayoshuka kutoka kwenye nozeli hadi taa za mbele, na plastiki nyeusi iliyo chini ya kioo imeanza kuwa na mawingu. Je, dawa hii ni bandia? — *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Inawezekana ni halali kabisa, ila hukuichanganya. Maji haya huuzwa kwa namna mbili: yaliyo tayari kumiminwa, na yaliyo makali ambayo lazima yaongezwe maji. Ya makali huwa kwenye chupa ndogo na lebo huandika kipimo, mfano sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji. Ukiyamimina hivyohivyo umetia rangi na sabuni mara kumi na moja ya inavyotakiwa, na chini ya nozeli, ambako hakuna waipa ya kufagia, tone hukaukia palepale siku baada ya siku.

Rangi yenyewe ya buluu ni kiasi kidogo sana cha dai, yaani dawa ya kutilia rangi, na kwenye rangi nzima yenye klia hutoka kwa kuoshwa. Ila umesema gari ni ya zamani. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kwa kuwa gari ni nyeupe, tumia kitambaa cheusi kama huoni vizuri. Kitambaa kikitoka na weupe wa rangi, gari yako haina klia, au klia imeshaliwa na jua. Rangi ya namna hiyo ina vitundu vidogo kama chaki, na dai huingia ndani yake badala ya kukaa juu.

Osha kwanza. Halafu changanya spiriti na maji ya betri nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, futa mstari kwa kufuata urefu wake, geuza upande safi, futa tena. Usilaze kitambaa hapo kama ilivyo kwa siki. Spiriti ikikaa inalainisha rangi ya zamani. Ikibaki kivuli cha buluu, polishi laini itakimaliza, kwa maana unaondoa ule unga wa juu uliobeba dai. Kisha waksi siku hiyohiyo, la sivyo vitundu vitabaki wazi kupokea doa jingine. Klorini ya kufulia, petroli na thina zisikaribie kabisa. Klorini inaweza kuua buluu kweli, lakini inachosha rangi na kuleta kutu kwenye maungio ya bati.

Kwenye taa usitumie spiriti. Vioo vya taa za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, na spiriti inaweza kuipasua nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Shampuu na maji vinatosha.

Mawingu kwenye plastiki nyeusi ni sabuni iliyokauka kwenye mikwaruzo ya plastiki. Brashi laini ya meno, maji ya uvuguvugu, shampuu, na uvumilivu. Ikikauka paka dawa ya kulinda plastiki, isiyo na mafuta mazito yatakayoshuka kwenye kioo mvua ikinyesha. Tangini, nyonya nusu ya kilichomo uongeze maji yasiyo na madini mpaka kipimo cha lebo kitimie.

SWALI: Wakubwa, mimi ni fundi rangi. Nimepiga boneti mara mbili na mara zote rangi inakimbia na kuacha vijicho vya duara, hasa upande wa karibu na kioo. Kompresa nimebadilisha kichujio, bunduki ya kupulizia rangi nimeosha. Mteja anasema anatumia maji ya waipa yanayofanya mvua iteleze kwenye kioo. Yanahusika? — *Fundi, Arusha*

JIBU: Yanahusika sana, na umefanya vizuri kumuuliza mteja. Maji yanayofanya mvua iteleze mara nyingi yana silikoni. Inarushwa na upepo, inatua kwenye boneti karibu na kioo, haionekani kwa macho. Rangi mbichi haishiki juu ya silikoni; inajivuta pembeni na kuacha kijicho.

Kosa lilipo ni mpangilio wa kazi. Fundi anayeanza na msasa anaisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo ya msasa, na baada ya hapo kuitoa ni taabu. Safisha kabla ya msasa: osha kwa sabuni ya vyombo (hapa ndipo inapofaa, kwa kuwa unataka kila mafuta yatoke), suuza, kausha. Kisha dawa ya kuondoa waksi na mafuta, kwa vitambaa viwili: kimoja kilicholowa kinapaka, cha pili kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka. Ukiacha ikauke yenyewe, silikoni imerudi ilipokuwa. Badilisha vitambaa kila nusu boneti. Piga msasa, kisha rudia dawa mara nyingine kabla ya kupuliza.

Kwa boneti iliyopo, acha ikauke kabisa, shusha kwa msasa mpaka chini ya vijicho, anza upya. Kuna matone ya kuzuia vijicho yanayochanganywa kwenye rangi. Tunakushauri uyaweke akiba ya mwisho, maana yenyewe ni silikoni na yataambukiza bunduki yako kwa kazi zitakazofuata.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulisahau: chomoa fyuzi ya waipa au soketi ya pampu gari likiwa kibandani. Kijana akigusa swichi wakati wa kulisogeza, maji yatadondoka juu ya rangi ya jana. Na umwambie mteja asipige maji ya waipa wiki ya kwanza, wala asitumie tena aina hiyo kabla boneti haijapata waksi, ambayo kwa rangi mpya husubiri kama siku 30 hivi, au kadiri mtengenezaji wa rangi alivyoandika.

SWALI: Kwa nini nisiweke maji matupu tu? Huku tuna ziwa, na ofisini AC inatoa ndoo nzima kwa siku. — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Maji ya ziwani hapana. Yana mimea midogo na tope, tangi litaota utelezi wa kijani na chujio la pampu litaziba. Ya AC yana madini kidogo, yanafaa kuliko ya kisima, ila yamepita kwenye vumbi na ukungu wa mashine. Yachuje kwa kitambaa kizito na uyatie spiriti kwa kipimo tulichompa msomaji wa Kigamboni.

Maji matupu yanayokaa wiki nyingi kwenye tangi la uvuguvugu ni makao ya vijidudu, wakiwemo bakteria wa Legionela wanaoleta homa kali ya mapafu ukivuta mvuke wake. Utafiti wa Uingereza na Wales uliotangazwa 2010 uliona kuwa madereva wasioweka dawa ya kuoshea kioo kwenye tangi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa huo. Spiriti haipo humo kwa ajili ya kioo peke yake.

SWALI: Salamu kutoka Minneapolis. Majira ya baridi gari langu la kijivu linajaa michirizi myeupe kila ninapotumia maji ya buluu ya waipa. Nilijaribu kuyapunguza kwa maji ili yasiwe makali, yakaganda kwenye nozeli. Nifanye nini? — *Dada yenu, Minnesota*

JIBU: Dada, usiyapunguze tena. Ya galoni yanayouzwa huko tayari yamechanganywa, na kinachoyazuia kuganda ni methanoli iliyomo. Galoni iliyoandikwa −20°F inavumilia hadi kama −29°C. Ukiongeza maji kidogo tu, kiwango hicho kinapanda haraka. Tena nozeli huganda kabla ya tangi, kwa sababu upepo unavukiza methanoli pale mdomoni na kubakiza maji. Egesha sehemu yenye joto mpaka barafu iyeyuke, toa ulichonacho, jaza mapya, kisha piga kwa vipindi vifupi mpaka buluu kamili ionekane kwenye kioo. Ule mpira mrefu kati ya tangi na nozeli bado una mchanganyiko wa zamani. Maji ya moto usimwagie kioo kilichoganda, kinapasuka.

Kuhusu weupe, angalia uko sehemu gani ya gari. Ukiwa zaidi chini ya milango na nyuma ya magurudumu, hiyo ni chumvi ya barabarani, si maji ya waipa. Ukianzia kwenye nguzo za kioo na kurudi nyuma juu ya madirisha, ni waipa imefagia chumvi ya kioo na kuisukumia pembeni. Tiba ni moja: chagua siku joto likiwa juu ya kiwango cha kuganda, osha kwa shampuu, osha na chini ya gari, kisha kausha mipira ya milango isije ikagandia. Siki huihitaji, chumvi huyeyuka kwa maji.

Methanoli ni sumu kali. Kiasi kidogo kikimezwa kinaweza kupofusha au kuua, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi mtu akiwa anaonekana mzima. Weka galoni mbali na watoto, usihamishie kwenye chupa ya kinywaji. Mtoto akionja, usisubiri dalili. Huko Marekani kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, saa zote. Kwenye Umoja wa Ulaya, tangu 2019 maji ya waipa yanayouzwa kwa watu wa kawaida hayaruhusiwi kufikisha methanoli asilimia 0.6, kwa hiyo ukisafiri au ukituma zawadi ya vifaa vya gari, soma lebo ya nchi husika.

SWALI: Kijana wangu amechanganya matangi, amemimina kulanti ya kijani (ile ya kupozea injini) kwenye tangi la waipa, kama lita moja. Kioo kina ukungu wa mafuta na boneti inanata. Rangi itaharibika? — *Mzazi, Bukoba*

JIBU: Rangi haitaharibika kwa siku mbili tatu, ila usiendeshe hivyo usiku, maana taa za gari linalokuja zitakupofusha kupitia ukungu huo. Glikoli ya kulanti haikauki, inabaki kama ute na kukamata vumbi. Osha boneti, paa na vioo kwa shampuu na maji ya uvuguvugu mara mbili. Futa kioo kwa spiriti na kitambaa safi, na ufute makali ya mipira ya waipa mpaka kitambaa kisitoke na kijani. Kama mipira imeshavimba, nunua mipya.

Tangi litolewe lote kwa mpira wa dripu, lijazwe maji na kunyonywa mara tatu au nne, kisha piga mpaka maji yatoke bila rangi wala povu la kunata. Angalia pia tangi la kulanti lenyewe: inawezekana halikupata kitu na rejeta ina upungufu. Ulichokitoa usimwage mtaroni. Kina utamu, mbwa na mbuzi hukilamba, na huwaua. Kitie kwenye dumu lenye kifuniko, andika juu yake, ukipeleke gereji wanakokusanya oili chafu.